Dada wa Langoni auliza: mashine ya kufua itatumalizia tokeni?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu, nimelifupisha kidogo lkn maneno ni yake mwenyewe:

"Asalam aleikum fundi. Nyumbani tuko watu saba, nguo ni nyingi na mgongo wangu si ule wa zamani. Nataka mashine ya kufua na nikijaaliwa nipate na draya, sababu masika nguo hazikauki. Dada yangu aliyeko Leicester ananiambia nisithubutu, mashine na draya ndo zinampandishia bili yake. Mtoto wa shangazi aliyeko Ohio anasema mashine yake haili chochote, kinachokula ni draya na tangi la maji moto. Mume wangu yeye anasema tukiingiza mashine tutahama nyumba kwa tokeni, bora tubaki na seredani na mtungi wa gesi vile tulivyo. Sasa nani mkweli hapa? Na je kupika kwa stima ni ghali kweli kushinda gesi na makaa?"

Waaleikum salaam dada yangu, na pole na mgongo. Nitakujibu kwa urefu manake swali hili naulizwa sana huku Malindi pia, hasa na watu wenye ndugu ng'ambo, kila ndugu anatuma ushauri wa nchi yake halafu mtu anabaki hajui ashike lipi.

Nianze na jibu lenyewe. Dada yako wa Leicester ni mkweli, wa Ohio ni mkweli, na mume wako ana haki ya kuogopa ila hofu kaipeleka kwa kitu sicho. Mashine ya kufua ukiitumia na maji vile yanavyotoka kwenye tangi lako haitakuhamisha nyumba. Draya ndo itakuhamisha. Na pesa nyingi ya nyumba yenu saa hii inaondokea jikoni, nguo hazijafikia hapo hata kidogo.

Sasa kwa nini. Vifaa vya nyumbani ukivipanga kwa ulaji wa stima utakuta viko makundi mawili, kuna vinavyozungusha kitu na kuna vinavyopasha kitu moto. Feni, mota ya mashine, pampu ya maji, hivi vinakula kidogo. Hita, pasi, draya, birika la stima, shawa ya moto, oveni, hivi ndo vinaikimbiza meta. Mota ya mashine ya kufua ya kawaida ni wati 300 au 400 hivi, ikizunguka robo saa ya kufua na dakika tano za kukamua inakuwa imekula kama sehemu moja ya kumi ya uniti (uniti moja ni wati 1000 zikiwaka saa nzima). Hita ndani ya mashine ile ile inaweza kuwa wati 2000. Ikiwaka nusu saa tu hio ni uniti nzima.

Ndo maana ukweli unabadilika ukivuka bahari. Kule Uingereza mashine nyingi za siku hizi zinaingiza maji baridi peke yake halafu zinayapasha zenyewe ndani, na maji ya bomba ya kule wakati wa baridi ni digrii 10 au chini ya hapo. Mashine ya mlango wa mbele inatumia kama lita 15 kwenye ule mzunguko wa sabuni, kuzitoa lita 15 kutoka digrii 10 hadi 60 inataka karibu uniti 0.9 ya moto mtupu, mota bado hatujaihesabu. Hata akiwa muangalifu akafua kwa digrii 30, bado analipa kama uniti 0.35 kufikisha maji hapo. Sasa wewe nenda kashike maji ya tangi lako juu ya dari saa sita mchana. Ni digrii 28, siku ya jua kali yanapita 30. Yaani kile dada yako anachokilipia kila akifua, wewe umeletewa bure kabla hujabonyeza swichi, na sabuni za unga za kisasa zina vimeng'enya ambavyo vinafanya kazi vizuri tu kwenye joto hilo hilo la 30 na 40.

Wa Ohio naye hadithi yake ni nyingine. Marekani mashine nyingi, hasa zile za kufunguka juu, zina mipira miwili ya maji, mmoja wa baridi na mmoja wa moto, na maji moto yanatoka kwenye tangi kubwa ambalo pengine linawashwa kwa gesi. Mashine yenyewe haina hita, kwa hivo akiangalia ulaji wa mashine anaona kidogo, gharama imekaa kwenye tangi na inaonekana kwenye bili nyingine. Na draya yake ya stima ni ya kilowati 5 hivi, hata soketi yake ni tofauti na soketi nyingine za nyumba. Kule draya ziko kwenye nyumba nyingi sana, na kuna mitaa mingine masharti ya umiliki yanakataza watu kuanika nguo nje wakisema inaharibu sura ya mtaa, mpaka majimbo kama Florida na Hawaii yakaweka sheria ya kumlinda mwenye kutaka kuanika. Hebu fikiria, sheria ya kuruhusiwa kutumia jua.

Wajapani wao kwa kawaida hufua kwa maji baridi, maji yao ni laini hayana chokaa nyingi, na majumba mengi yana kampira na kapampu ka kuvuta maji ya kuogea ya jana usiku yaliyobaki kwenye beseni kubwa, bado yana uvuguvugu, wakayatumia kufulia halafu wakasuuza kwa maji safi. Wataliano, hawa majirani zetu wa Malindi, ukienda kwao nyumba nyingi zimefungiwa kilowati 3 tu, ukiwasha oveni na mashine ikawa inapasha maji kwa pamoja meta inakata nyumba inakuwa giza, kwa hivo wengi wanafua usiku na wanaanika, draya si lazima kwao. Mtu akija kukwambia "Ulaya wanafanya hivi" muulize Ulaya ya wapi.

Kuhusu draya nataka tukae kidogo, manake ndo ombi lako la pili na ndo lenye hatari. Nguo kilo 7 zikishakamuliwa vizuri na mashine nzuri bado zimebeba maji kama lita 3 na nusu. Kuyatoa maji hayo kwa moto lazima uyageuze yote mvuke, na lita moja ya maji kuwa mvuke inataka karibu uniti 0.65, hakuna ujanja wa fundi wala kampuni utakaobadilisha hio. Piga mara tatu na nusu, unapata zaidi ya uniti 2 kabla hujahesabu joto linalopotea, ndo maana draya ya kawaida inakula uniti 3 na nusu mpaka 4 na nusu kwa mzunguko. Kuna draya mpya za pampu ya joto ambazo zinazungusha joto lile lile tena na tena zikatumia nusu ya hapo au pungufu, ni nzuri kweli, lakini bei ya kununua ni kubwa na ni mashine nyororo kwa hewa yetu ya chumvi, ikiharibika sijui nani Lamu atakufungulia gesi yake ya ndani, ile kama ya friji.

Tuweke pesa. Nachukulia uniti moja shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi, wewe angalia risiti ya tokeni yako uweke yako. Ukifua mara tatu kwa wiki, tuseme mara 12 kwa mwezi, mashine ya maji yasiyopashwa ikila uniti 0.2 kila mara unapata uniti 2 na kidogo, shilingi 72 kwa mwezi mzima. Draya ya kawaida mara 12 hizo hizo kwa uniti 4 ni uniti 48, shilingi 1,440. Tena kuna jambo watu wanasahau, bei ya stima ya nyumbani Kenya inakwenda kwa ngazi, kuna wa chini ya uniti 30 kwa mwezi, kuna wa 30 mpaka 100, na kuna wa kupita 100. Hizo uniti 48 za draya peke yake zinaweza kukupandisha ngazi, ukawa unalipa zaidi hata kwa taa na friji ambazo hukuziongeza.

Sasa masika utafanyaje? Hapo ndo nakwambia nunua mashine ya matangi mawili, ile ya upande mmoja kufua na upande wa pili kukamua. Najua watu wanaiona ya kizamani lkn kwa Lamu mimi naipenda kuliko ile ya otomatiki ya mlango wa mbele na nitakwambia kwa nini. Tangi lake la kukamua linazunguka kwa kasi sana, nguo zinatoka zimebaki unyevu tu, na maji yanayotolewa kwa kuzungushwa ni rahisi mno kulipia kushinda maji yanayotolewa kwa moto. Ukizitoa hapo zitandaze ndani au chini ya paa la makuti juu ya dari ambapo upepo wa kusi unapita, na kama hata upepo hakuna basi zianike chumbani uwashe feni. Feni ya dari ni wati 60 au 70, ikipiga saa tano ni theluthi ya uniti, shilingi 10, mbele ya 120 za draya. Dirisha liwe wazi tu, unyevu utoke, vinginevyo ukuta utaota ukungu.

Sababu ya pili ni maji. Nyinyi maji yenu yanatoka visima vya michanga ya Shela na visima vya majumbani, na visima vingi vya mjini vina chumvi chumvi na chokaa. Nimewahi kufungua mashine ya otomatiki ya nyumba moja ya wageni huko Shela, walilalamika maji hayapati moto na meta inakimbia. Hita yenyewe ni bomba jembamba la unene wa kalamu, hii ilikuwa imevaa gamba jeupe gumu mpaka limeziba nafasi kati yake na tangi, nikagonga na bisibisi likadondoka vipande kama plasta ya ukuta, chini yake chuma kimeliwa na kutu kishaanza kupasuka. Hita iliyovaa gamba hivo joto linachelewa kufika kwenye maji kwa hivo inawaka muda mrefu, na mwisho inaungua au inavujisha stima ndani ya mashine. Mashine ya matangi mawili haina hita kabisa. Kitu ambacho hakipo hakiharibiki.

Ya tatu, mashine ya otomatiki inataka presha ya maji, tangi lako likiwa mita tatu tu juu ya bomba la mashine mara nyingi haitoshi, itakaa inasubiri maji inalia pi pi pi. Hii ya matangi mawili unaijaza hata kwa ndoo. Na maji ya sabuni unaweza kuyatumia zaidi ya mara moja, unaanza na kanzu na mashuka meupe, halafu kanga, mwisho madira ya rangi na suruali za watoto wa shule. Kama nyumba ina jabia la maji ya mvua, hayo ndo maji bora ya kufulia, ni laini, sabuni inatoa povu kwa kijiko kimoja badala ya viwili. Maji yenye chokaa yakikutana na sabuni ya mche yanafanya ule ute mweupe unaong'ang'ania nguo, kwa hivo kama ni maji ya kisima tumia sabuni ya unga.

Utaniuliza vipi vidudu na usafi bila maji moto. Nguo za kila siku hazihitaji. Pakiwa na mgonjwa, au nepi za kitambaa, au taulo za mtu mwenye ugonjwa wa ngozi, hapo chemsha maji yako kando uyamwage kwenye beseni au fua kwa digrii 60, hio inatokea mara chache na gharama yake haiumizi. Mabuibui yaanike kivulini jua lisiyachujue.

Kuna moja hukuuliza lkn nitalisema. Pasi. Pasi ya wati 1000 na kitu, hata ikiwa inajikata yenyewe, saa moja inakula nusu uniti kwenda juu. Mtu anayepiga pasi kila asubuhi kanzu moja, sare ya shule moja, anaipasha upya kutoka baridi kila mara, kwa mwezi pasi hio inaipita mbali ile mashine ya kufua mume wako anayoiogopa. Piga za wiki nzima siku moja, kanzu za Ijumaa zikiwemo, anza na zinazotaka moto mdogo umalizie na pamba, na uizime dakika chache kabla hujamaliza. Na usipige pasi nguo mbichi ili ikauke, hapo pasi unaigeuza draya, ni yale yale maji yanataka kugeuzwa mvuke.

Na hayo maji na mvuke ndo yanatupeleka jikoni, kwa sababu jambo ni lile lile. Kuichemsha lita moja ya maji yako ya digrii 28 mpaka ifike mia kunataka uniti 0.08 tu. Lakini kuiacha lita hio hio iishe kwa mvuke kunataka zaidi ya 0.6, mara saba na kitu. Kwa hivo sufuria iliyoachwa wazi ikitokota masaa mawili inakula pesa kwa njia ile ile ya draya, na kitoweo chenyewe hakiivi haraka zaidi, maji yakishachemka hayapandi digrii hata ukoleze moto vipi. Funika. Punguza moto uache utokote wa chini chini. Sijui kwa nini jambo dogo hivi halisemwi kwa nguvu, lingeokoa magunia na mitungi mingi sana pwani hii.

Twende kwa seredani. Kilo moja ya makaa ina nguvu ya karibu uniti 8, nyingi kweli, lkn seredani ya bati ya kawaida inafikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya hio, nyingine inapasha ukuta wa jiko, hewa, na wewe mwenyewe. Lile jiko la udongo ndani lililoanza kuenea Kenya miaka ya 1980 linafikisha kama robo. Na kabla gunia halijavushwa kutoka bara kuja Lamu, tanuru la kienyeji la kufukia udongo limeshakula kuni kilo 5 mpaka 10 kutoa kilo moja ya makaa. Miti yetu ndo inayoishia hapo, na Lamu mnakaa na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, mnajua zaidi yangu ni kitu gani kiko hatarini watu wakikosa cha kuwashia. Halafu kuna moshi na ile hewa ya sumu isiyo na harufu, Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa kupikia uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tafadhali, seredani isiingie chumbani ikiwa na moto hata kama ni ya kufukizia udi, mlango na dirisha viwe wazi.

Gesi sasa. Mtungi wa kilo 13 una kama uniti 165 za joto, jiko la gesi linafikisha nusu na kidogo kwenye sufuria, tuseme uniti 88 za kweli. Ukiujaza kwa shilingi 3,200, nachukulia hivo, kila uniti iliyoingia chakulani imekugharimu 36. Stima kwa shilingi 30 kwenye jiko la indakshen, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa sumaku, linalofikisha kama asilimia 85 inatoka 35. Umeona? Ziko bega kwa bega. Kwa hivo anayekwambia stima ni ghali mno kwa kupikia anakumbuka majiko ya zamani ya koili na bei zake, na anayekwambia utupe mtungi uhamie stima yote naye simuungi mkono, manake hutaokoa kitu kwenye chapati na kwenye kukaanga samaki, na siku stima ikikatika mtalala njaa.

Kinachobadilisha hesabu ni presha kuka ya stima. Ile imefungwa, mvuke hautoki, ndani inafika digrii 115 hivi kwa hivo chakula kinaiva kwa muda mfupi, na ina koti la kuzuia joto lisitoke, hita ikishafikisha presha inazima inawaka kidogo kidogo tu. Mbaazi kavu za kifungua kinywa za watu saba, zilizolowekwa usiku, kwenye seredani ni masaa na karibu kilo nzima ya makaa, kwenye presha kuka ni nusu uniti au chini, shilingi 15 au chini ya hapo, na tui unalitia mwisho ukiwa umefungua kifuniko. Maharage, makande, supu ya mifupa, nyama ya ng'ombe ngumu, pweza, vyote hivi mahali pake ni humo. Wahindi walilijua hili zamani, presha kuka ya kuweka juu ya moto iko karibu kila jiko la India, na hata serikali yao ilipoanza 2016 kuwagawia kina mama masikini gesi kwa mamilioni, wengi waliendelea na kuni pembeni kwa sababu kujaza mtungi ndo kulikuwa tatizo. Ethiopia nao mjini injera, ule mkate wao mwembamba, wanaipikia kwenye mitad ya stima, sahani kubwa ya udongo ya kilowati 3 na zaidi, kwa hivo mama hawashi kwa injera moja, anapika za siku kadhaa kwa mkupuo mmoja sahani ikiwa ishashika moto. Huo ndo ujuzi wa kuuchukua, kitu chenye kula moto mwingi kiwashe mara chache ukifanyie kazi nyingi.

Wali wa nazi unaweza kupikia kwenye raisi kuka, kilo moja ni kama robo mpaka theluthi ya uniti, ila najua watu wa Lamu na wali wa kupalia makaa juu, sitaingia ugomvi huo. Mkate wa mofa na wa kumimina acha kwenye moto wake. Oveni ya stima ya wati 2000 kwa dakika 40 ni kama uniti moja, si mbaya ukiijaza, ni mbaya ukiiwasha kwa vitumbua vichache vya kupasha.

Mwingine atasema kupikia stima ni kuhamisha moshi kutoka jikoni kwenda kwa mtambo mahali. Kabla Lamu haijafungwa kwenye gridi, zile laini za stima za nchi nzima, ilikuwa kweli, jenereta za dizeli ndo zilikuwa zinawalisha. Saa hii stima ya Kenya sehemu kubwa zaidi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria kule Naivasha, halafu maji na upepo, na hapa kwetu Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40 linaloingiza kwenye gridi tangu mwisho wa 2021. Ule mtambo wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Kwasasi huko huko Lamu, leseni yake ya mazingira ilifutwa 2019. Kwa hivo stima unayopikia Langoni ni safi kuliko ya nchi nyingi tajiri, hilo nalisema kwa furaha kabisa.

Kabla hujanunua chochote muite fundi aangalie nyaya. Nyumba za mawe za mji wa kale nyingi zina waya za zamani zilizopitishwa kwa ajili ya taa na redio, na kuta zinavuta unyevu wa chumvi, soketi zinakula kutu kwa ndani hata kama nje zinang'aa. Presha kuka ya wati 1000 na birika la wati 2000 kwenye ekstensheni moja ni moto unaotafuta pa kuanzia. Kila moja na soketi yake ukutani, na hakikisha waya wa athi umefika ardhini kweli, mashine ya kufua ina maji na mikono yako ina maji. Weka na kinga ya volteji, stima ikirudi baada ya kukatika inarudi kwa kishindo na huko kwenu mko mwisho wa laini.

Wa Ohio akijitolea kukutumia mashine ya kwake mshukuru umwambie atume pesa. Vifaa vya kule ni vya volti 120 na mzunguko wa hezi 60, huku ni 240 na 50, transfoma itatengeneza volti lkn haitatengeneza hezi, mota na taimu zitakwenda ovyo. Ya Ulaya iliyotumika inafaa, na kama bado ina lebo mpya ya rangi ya tangu 2021, soma namba ya kWh, ndo hizo hizo uniti, hio ni ya mizunguko 100. Ikisema 50 basi ni nusu uniti kwa mzunguko, na wamepima kwa maji ya kuingia ya baridi ya kule, kwako itakuwa pungufu.

Mpango wangu kwako dada, kama pesa haitoshi kwa vyote: presha kuka kwanza, hio itaanza kurudisha pesa yake mwezi ule ule kwa makaa mtakayoacha kununua. Halafu mashine ya matangi mawili. Draya isahau. Mtungi na seredani vibaki kwa kazi zake. Na kama kuna mama anayekuja kukusaidia kufua msimwachishe kwa ajili ya mashine, bado kuna kuanika, kukunja na pasi, na mgongo wake nao una haki.

Mume wako mpe kazi moja. Asubuhi kabla ya kufua asome uniti kwenye meta ya tokeni aandike, zimeni friji na pasi msiguse, mfue mzunguko mmoja, asome tena. Halafu siku nyingine afanye hivo hivo kwa saa moja ya pasi. Namba mbili hizo akishaziona mwenyewe nitumieni na picha ya risiti ya tokeni, nitawapigia hesabu ya mwezi mzima kwa bei yenu.